Mtungi wa Maoni Nyuma ya Kanisa

Blup. Kisha kimya. Kisha blup nyingine, nzito kuliko ya kwanza, kama mtu mzima anayemeza uji wa moto.

Ukungu ulikuwa umeshuka kutoka mlimani na kulala juu ya kijiji cha Dolgogae, na Tak Ok-bun hakuona kitu isipokuwa vidole vya miguu yake vikipita kwenye mwanga wa tochi. Lakini alijua sauti inatoka wapi. Alizunguka nyuma ya kanisa, akapapasa ukuta wa jikoni, akainama, na kiganja chake kikakuta udongo wa baridi. Mtungi ulikuwa umezikwa hadi shingoni, kama mitungi mingine ya kimchi, kabichi ya kuchachushwa, iliyopakana nao. Mingine ilikuwa kimya. Huu mmoja ulikuwa unatetemesha kifuniko chake.

Maoni ya washirika yalikuwa yameanza kuchachuka.

"Polepole," Ok-bun aliuambia mtungi. "Baridi bado ni nyingi."

Akaenda kufungua kanisa. Aliwasha jiko la mafuta ya taa, akapanga mito ya kukalia sakafuni, akangoja. Walikuja wale wale wa kila siku, wazee watupu, kila mmoja akikung'uta viatu mlangoni kwa namna yake, hata ungeweza kuwahesabu bila kugeuza shingo. Ok-bun alianzisha wimbo bila kinanda, kama alivyofanya tangu mwaka aliofiwa na mume. Sauti yake haikuwa nzuri. Ilikuwa pana, ilipita kwenye ufa wa dirisha na kwenda zake. Baada ya wimbo alitaja majina ya waliokuwapo, mmoja mmoja, kisha wote wakaomba kwa pamoja kwa sauti, kila mtu na lake: huyu mwanawe aliyeko Busan asiyepiga simu, huyu ng'ombe aliyekataa kula, huyu magoti. Mungu wa Dolgogae alikuwa amezoea kusikiliza watu wote kwa mara moja. Kulipopambazuka wakarudi makwao kulisha mifugo.

Ibada ya alfajiri ilikuwa hiyo tu. Ok-bun hakuwa na kingine. Hakujaliwa mtoto, mumewe alikuwa chini ya majani ya kilimani, shamba alikuwa amempa mtu mwingine alime. Siku yake ilikuwa imeshikizwa kwa kifungo kimoja, na kifungo chenyewe kilikuwa alfajiri.

Habari ya mtungi ilianza hivi.

Mchungaji Nam Ki-ung alikuja Dolgogae kutoka Seoul, kijana wa miaka arobaini, mwenye nia njema na koo dhaifu. Alikuwa amefundishwa kwamba ibada isipangwe mezani kwa mchungaji, ipangwe masikioni mwake: waulize watu, wasikilize, kisha panga. Aliwagawia washirika karatasi. Wote waliandika: "Tumepokea neema." Aliwagawia nyingine, akawauliza waziwazi ni kitu gani katika ibada hawakipendi. Wote waliandika: "Tumepokea neema nyingi zaidi." Mchungaji Nam alikaa na karatasi zile usiku mzima bila kupata mahali pa kuanzia.

Kisha ikafika siku ya kuchachusha kabichi. Wanawake wote wa kanisa walichuchumaa uani toka asubuhi, wakipaka jani baada ya jani mchanganyiko wa pilipili, figili na uduvi wa chumvi, na huku wakisema. Mwaka ule mvua ilikuwa imeozesha kabichi shambani, hivyo mtungi mmoja ulibaki mtupu shimoni mwake. Ulikuwa mtungi wa mama mkwe wa Ok-bun, na Ok-bun ndiye aliyeuleta kanisani miaka mingi nyuma. Watu walisema juu ya mdomo wake kutwa. Jioni Shemasi Pang Mal-sun aliufunika ili paka wasiingie.

Kesho yake alipoufunua ili ausuuze, alijisikia mwenyewe humo ndani akisema kwamba mahubiri ya Mchungaji Nam ni kama treni ya mizigo: unasimama kwenye kivuko, unahesabu mabehewa, ukidhani hili ndilo la mwisho, linatokea lingine.

Mal-sun aliufunika tena. Akamwendea Ok-bun, aliyekuwa anaosha mabeseni.

"Dada, mtungi wako umeshika maneno."

"Ni udongo mzuri ule," alisema Ok-bun. "Unapumua."

Mchungaji alipoambiwa, aliuliza kama kifuniko kinakaa sawasawa. Wakamwambia kinakaa. Jumapili iliyofuata akatangaza madhabahuni kwamba kanisa limepata njia yake ya kusikiliza. Baada ya chakula, kila mshirika atakwenda nyuma, atafunua mtungi, atasema anachotaka kiwemo au kitolewe katika ibada, atafunika.

"Sauti zitachanganyika humo kama kabichi na figili," alisema. "Hakuna atakayejua ipi ni ya nani. Semeni kama mnavyosema majumbani kwenu."

Wa kwanza kuonyesha mfano alikuwa Guk Sang-do, mkuu wa wazee wa kanisa. Mzee Guk alikuwa na mahema ya plastiki ya stroberi yaliyojaa bonde zima, nywele zilizotiwa rangi nyeusi, na nyumba iliyopakana ukuta na kanisa. Aliinama akiwapa watu mgongo, akasema maneno machache ndani ya mtungi, kisha akatupia juu yake konzi ya chumvi ya mawe ili yasioze. Watu wakaona hilo ni jambo la busara. Tangu siku ile kila aliyesema alitia chumvi.

Mzee Guk alikuwa shemeji yake Ok-bun, mdogo wa marehemu mumewe. Ok-bun alipoolewa alimkuta katika nyumba ya mumewe, yatima wa miaka saba, akilala kwenye godoro la kuazimwa. Alimfulia, alimfungia chakula cha shule, alimvusha mtoni mgongoni mvua iliponyesha. Sang-do alikuwa na usingizi wa jiwe. Kumwita hakukutosha, kumtikisa hakukutosha. Ok-bun aligundua kwamba dawa yake ni kuimba nje ya mlango wa karatasi mpaka mtoto ajigeuze, halafu amwambie kwa upole, "Amka, bwana mdogo. Wali umeiva." Kila siku, mpaka alipopata masharubu.

Jumapili ile walikaa meza moja mbele ya supu ya majani ya figili.

"Umeshasema, shemeji?" aliuliza Mzee Guk.

"Niseme nini mimi? Naimba kila siku, hakuna asiyenisikia."

"Nenda ukaseme. Siku hizi asiyesema hahesabiwi." Akapuliza supu yake. "Wala usiogope. Atakayeigusa alfajiri yako atanikuta mimi nimelala mlangoni."

"Kulala nakuamini," alisema Ok-bun. "Wewe ulikuwa unalala hata juu ya baiskeli."

Meza nzima ikacheka. Mzee Guk akacheka nao, akajipangusa mdomo, akamwongezea shemeji yake kipande cha samaki bakulini.

Ok-bun akaenda nyuma ya kanisa. Alikuwa amekusudia kusema: iacheni alfajiri kama ilivyo. Lakini alipopiga magoti na mdomo wa mtungi ukamtazama, mweusi na mtulivu kama mgeni wa heshima, ulimi wake ukavaa nguo za Jumapili.

"Mimi sina neno," alisema. "Tunashukuru kwa alfajiri."

Akatia chumvi, akafunika.

Hivyo ndivyo walivyofanya wote. Mchungaji Nam alipofunua mtungi siku ya Jumamosi, akiwa na Mzee Guk pembeni, sauti zilimtokea safi na mbichi kama zilivyoingia. Tumepokea neema. Kila kitu ni kizuri. Mchungaji asijichoshe. Mimi sina neno. Katika sauti zote zile moja tu ndiyo iliyokuwa na kitu cha kufanyiwa kazi. Ilitoka chini kabisa, hafifu mno kutambulika ni ya nani, ikasema kwa upole kwamba wazee wetu wamelitumikia kanisa muda mrefu, na asubuhi za baridi kama hizi wanastahili kupumzishwa.

Mchungaji aliisikiliza ile mara mbili. Mal-sun alikuwa anapita na ndoo.

"Mchungaji, hiyo bado mbichi," alisema. "Kabichi ya jana mtu anaiita kimchi? Iache ipite mwaka mpya."

"Mkutano mkuu ni mwezi huu, mama. Siwezi kuwaletea watu mpango unaosema maoni hayajaiva."

"Kwa nini usiweze? Si ndiyo ukweli?"

Mchungaji Nam alitabasamu, maana alimpenda Mal-sun. Lakini mpango wa ibada za mwaka hauandikwi hivyo. Akafunika mtungi, akaenda kupanga.

Kwenye mkutano mkuu alisimama mbele ya watu na koo lake dhaifu.

"Kwa kuwa mmesema," alisema, "nasi tumesikia."

Ibada ya alfajiri ingekoma. Wazee wangepumzika. Mahali pake ingewekwa ibada ya saa tatu asubuhi kwa ajili ya watu wa maghorofa mapya yaliyojengwa ng'ambo ya barabara, yenye skrini, seti ya ngoma, na kahawa mlangoni. Mzee Guk aliunga mkono hoja. Uso wake ulikuwa na huzuni ya kutosha.

"Hii ni sauti ya washirika," alisema. "Mimi ni nani niipinge?"

Watu wakasema amina. Kila mmoja aliisema huku akitazama kisogo cha aliyekaa mbele yake, akijiuliza kama ni huyu.

Ok-bun alisema amina pia. Kisha akageuka akawatazama wenzake wa alfajiri, mmoja baada ya mwingine, kama alivyozoea kuwataja.

Jumamosi alikwenda kwenye bafu la umma mjini pamoja na Mal-sun, kwa sababu ilikuwa Jumamosi. Walikaa kwenye vigoda vyao, ndani ya mvuke, mabeseni mbele yao. Walikuwa wamesuguana migongo mahali pale tangu nywele zao zikiwa nyeusi. Mal-sun akavaa kitambaa cha kusugulia mkononi.

"Geuka."

"Nitasugua mwenyewe."

"Mgongo wako utaufikiaje? Umekuwa nyoka?"

Ok-bun akajimwagia maji. "Ulisema nini kwenye mtungi?"

"Nilisema tumepokea neema. Wewe ulisema nini?"

"Sina neno."

"Basi tuko sawa. Geuka."

"Kuna mtu kasema wazee wamechoka, wapumzishwe. Mwenye kulalamikia magoti kila siku ni nani?"

Mwanamke mmoja kwenye kigoda cha jirani akahamisha beseni lake.

"Magoti yangu namlalamikia Mungu," alisema Mal-sun. "Sijawahi kumlalamikia Mchungaji."

"Kama si wewe ni nani? Nitajie."

Mal-sun akavua kile kitambaa, akakikamua, akakikunja vizuri, akakiweka juu ya beseni la Ok-bun.

"Miaka yote hii nimekuona uchi, dada," alisema. "Leo ndiyo umevua nguo."

Wakarudi kila mtu kwa basi lake.

Majira yale ya baridi wazee wa alfajiri waliacha kusalimiana. Walikutana dukani, wakaangalia bei za dagaa. Mzee Seo mwenye ng'ombe alimshuku mwenye mwana wa Busan, na mwenye mwana wa Busan alimshuku Ok-bun mwenyewe, kwamba amechoka kuimba akaona aibu kusema. Ok-bun aliendelea kuamka saa ile ile. Alikaa kitandani amevaa koti, mikono juu ya mapaja, mpaka mwanga uje umruhusu kufanya jambo jingine. Siku moja alikwenda hadi kanisani. Kitasa kilikuwa kimebadilishwa, sasa kilitaka namba. Alisimama pale kidogo. Nyuma ya ukuta wa pili alisikia mtu anakoroma, mkoromo mpana wa mtu aliyeshiba usingizi, akaujua, akarudi nyumbani akijisemea kwamba angalau shemeji yake anapumzika.

Mwaka mpya wa kalenda ya mwezi ukapita. Mtungi ukachachamaa. Povu liliinua kifuniko pamoja na jiwe lililowekwa juu yake, na blup zake zikawa zinaingia hadi ndani ya ibada ya saa tatu. Kijana wa ngoma, aliyeletwa kutoka mjini, mwanzoni alijaribu kuufunika kwa kelele. Baadaye akaona ni rahisi zaidi kuufuata. Watu wa maghorofa waliohudhuria hawakuzidi benchi moja, nao walisema midundo ni mizuri.

Jumapili moja baada ya ibada kubwa, watu wakiwa uani na mabakuli ya supu, kwa kuwa jua lilikuwa limetoka, Mal-sun aliweka bakuli lake chini. Akaenda kwenye mtungi, akaondoa jiwe, akafunua.

"Yameiva," alisema, akarudi kwenye supu yake.

Sauti zikaanza kutoka, za juu kwanza. Hazikuwa zimechanganyika hata kidogo. Kabichi hubaki kabichi na figili hubaki figili, kila mpishi analijua hilo. Kila sauti ilikuwa ya mwenyewe, pamoja na mafua aliyokuwa nayo siku aliyosema. Ila maneno yalikuwa yameiva. Pale palipoingia "tumepokea neema" palitoka kilichokuwa chini yake.

Mzee Seo alitaka mahubiri yakatwe nusu, lakini alfajiri iachwe, kwa sababu tangu afe mkewe ni huko tu anakosikia mtu akimwita kwa jina. Mama Hayul, binti wa maghorofani, alisema, "Mimi siji alfajiri. Lakini nikiwa nanyonyesha nausikia ule wimbo dirishani, najua kuna mtu mwingine aliye macho." Mwenye mwana wa Busan alisema asiguswe Ok-bun. Mke wa mchungaji alisema angependa siku moja mtu amwite kwa jina lake mwenyewe. Mchungaji Nam, ambaye hakuna aliyejua kama naye alisema, alisema, "Naombeni mtu mmoja anipinge."

"Wakimwondoa Ok-bun," ilisema sauti ya Mal-sun, "nani atanikumbusha nina sababu ya kuyanyanyua haya magoti."

Mal-sun alikuwa anatafuna. Hakuinua kichwa.

Kisha Ok-bun akajisikia mwenyewe, mbele ya watu wote, kwa sauti ambayo hakuwahi kuitumia hata kwa Mungu: "Iacheni. Sina kingine."

Akakoroga supu yake. Watu wakaendelea kula. Mtu mmoja akaomba apitishiwe figili.

Zikatoka nyingine, na nyingine, mpaka ikabaki ile ya chini kabisa, iliyotangulia kuingia kuliko zote, iliyokaa chini ya chumvi ya watu wote. Hiyo ilikuwa imeiva kupita zote. Iliingia ikiwa na upole, ikisema wazee wapumzishwe. Ilitoka hivi, kwa sauti ya Mzee Guk Sang-do:

"Fungeni ile alfajiri. Nyumba yangu na kanisa ni ukuta mmoja. Mimi ni mzee wa kanisa. Watu wananiinamia barabarani. Na kila siku kabla jua halijatoka sauti ile inapita ukutani na kunifanya tena mtoto wa godoro la kuazimwa, anayengoja kuitwa ale. Nimeshakula. Sitaki kuukumbuka wali ule maisha yangu yote. Mnyamazisheni."

Mtungi ukatoa blup moja ndogo, ukatulia. Ulikuwa umekwisha.

Uani palikuwa na mlio wa vijiko. Mzee Guk alikunywa supu yake mpaka mwisho, kama inavyompasa mtu aliyepikiwa, akaliweka bakuli chini.

"Chumvi imekolea leo," alisema.

"Shukrani ya punda," alisema Mal-sun, akiliambia bakuli lake.

Ok-bun alimtazama shemeji yake. Alikuwa akilitafuta kosa lake mwenyewe, kwa kuwa ndivyo alivyolelewa, akaanzia kwenye ule mwaka wa kwanza, mvua, mto, mtoto mgongoni mwake akimpumulia sikioni. Hakulipata. Akasimama akamwendea Mchungaji Nam.

"Mchungaji. Sasa yameiva."

"Yameiva, mama. Nimesikia yote."

"Ehe?"

Mchungaji Nam alikuwa amekuwa mwekundu mpaka masikioni. "Mpango wa mwaka ulishapitishwa na mkutano mkuu," alisema. "Ratiba iko kwenye skrini. Ngoma zimeshafungwa ukutani. Haya tutayatumia kupanga mwaka ujao. Nakushukuru sana kwa kusema ukweli."

Akamwinamia, chini sana, kuliko alivyopaswa kumwinamia mjane wa kijijini. Aliinama kwa moyo wote. Kisha akaenda kuandaa ibada ya saa nane, ambayo wimbo wake wa kwanza ulikuwa unahusu kuamka mapema.

Jumamosi Ok-bun alikwenda bafuni, akamkuta Mal-sun kwenye kigoda chake. Akakaa, akageuka, akampa mgongo. Mal-sun akausugua kwa nguvu, zaidi ya uchafu uliokuwapo, mpaka ukawa mwekundu. Yaliyokwisha kusemwa mle ndani yalikuwa bado yanaelea kwenye mvuke.

Alfajiri haikurudi. Kitasa kiliendelea kutaka namba. Mzee Guk alichaguliwa tena kuwa mkuu wa wazee, kwa kura za watu wale wale waliomsikia, kwa maana hakukuwa na mwingine mwenye nafasi, na stroberi zake ndizo zilizokuwa zinatolewa bure siku ya watoto.

Mwezi wa tano baraza la wazee lilikubaliana kwamba mtungi uondolewe. Harufu ya maoni ilikuwa inaingia kwenye kahawa. Mzee Guk akajitolea kuurudisha kwa mwenyewe. Alikuja mchana kweupe, akisukuma mkokoteni wake wa stroberi, mtungi umefungwa kamba kama mgonjwa. Ok-bun alimfungulia lango.

"Niuweke wapi, shemeji?"

"Pale penye jua, pamoja na mitungi ya soya."

"Juani vitu vinachacha upesi. Majira haya hata wiki haifiki."

"Najua."

Akauweka juani. Alikuwa amenenepa, na ngozi ya chini ya macho yake ilikuwa laini kama ya mtoto. Alikaa kwenye ukingo wa baraza, akapewa maji ya shayiri, akanywa, akaliangalia lile jengo alimokulia kama mtu anayekagua hema lililopigwa na upepo. Mlango wa chumba chake cha zamani ulikuwa bado wa karatasi.

"Siku hizi nalala vizuri," alisema. Hakuwa anajigamba. Alikuwa anampa ndugu habari za afya yake.

"Nafurahi," alisema Ok-bun.

"Yale ya siku ile... mtungi unazidisha, shemeji. Unaujua mtungi wa mama."

"Ilikuwa sauti yako."

Mzee Guk alizungusha bilauri mkononi. "Ilikuwa sauti yangu," alikubali.

Nyuki mmoja alikuja akatua kwenye mfuniko wa soya, akaondoka. Mzee Guk akaonekana kama ana neno, akalimeza, likarudi.

"Wewe huimbi siku hizi? Hapa nyumbani?"

"Kwa nini?"

"Upepo ukitoka huku alfajiri, unafika kwangu."

"Unataka nini, Sang-do?"

Ok-bun hakuwa amemwita kwa jina lake tangu shemeji yake alipowekewa mikono kuwa mzee wa kanisa. Mzee Guk aliligundua hilo, akainamisha macho kwenye bilauri.

"Niahidi," alisema. "Sema tu huna neno na mimi, na hutaimba. Nitakuwa nimemaliza kila kitu. Nitalala kabisa."

Ok-bun akanyanyuka. Alikwenda kwenye gunia lililoegemea mlango wa jikoni, akachota konzi ya chumvi ya mawe, akairudia ile mitungi. Akapiga magoti mbele ya mtungi wa mama mkwe wake. Tumbo la mtungi lilikuwa limeshapata moto. Akaondoa kifuniko, akakiweka juu ya majani.

Mzee Guk akaweka bilauri chini.

"Si humo, shemeji. Niangalie mimi, useme."

"Maoni husemewa hapa," alisema Ok-bun. "Si ninyi mliotufundisha?"

Mzee Guk akalitazama jua. Lilikuwa kali, na mwezi wa tano ndio kwanza ulikuwa umeanza. Akafungua mdomo, lakini ilikuwa nyumba ya watu, na aliyekuwa anasema alikuwa mkubwa kwake, na mtu aliyelelewa vizuri hamkatizi mkubwa wake.

Ok-bun aliinama mpaka nywele zake nyeupe zikagusa udongo. Alisema polepole, kwa sauti ya chini, tamu, yenye adabu zote za Jumapili, sauti mbichi isiyokwaruza hata kidogo, na kila neno alilifikisha mpaka chini:

"Nakuahidi, bwana mdogo. Sina neno nawe. Lala usingizi wako, sitakuamsha tena."